Barua kwa Mwanangu Kuhusu Usiku wa Lari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kwamba katika darasa lenu la sheria mlijadili iwapo mnyonge asiye na ndege wala vifaru anaweza kulaumiwa akiwashambulia raia wa upande wenye nguvu, nawe ukasimama ukasema kwamba anayepigwa hachagui jiwe la kurusha. Wenzako wakakupigia makofi. Mimi nisingepiga, ingawa hasira hiyo naijua vizuri, kwa kuwa umeirithi kwetu.

Huenda unakumbuka kwamba nyanya yako hakuruhusu mlango wake wowote uwekwe komeo la nje. Hata jikoni alikuwa akiegemeza jiwe mlangoni usiku ili usijifunge wenyewe kwa upepo, na sisi watoto tulimcheka. Nilikuwa tayari mwalimu wa historia nilipotambua kwamba mwaka 1953 alikuwa mke mchanga karibu na Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi, wapiganaji wa Mau Mau, walioupinga utawala wa Waingereza, waliingia huko wakati wanaume wengi wa ngati, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, walikuwa wametoka kwenda doria, wakaifunga milango ya nyumba kwa nje, wakamwaga petroli na kuwasha moto, na waliojaribu kutokea madirishani wakakatwa kwa mapanga. Walikufa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto.

Usinielewe vibaya. Lari ilikuwa na sababu yake, nayo ni ardhi. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka Tigoni ili eneo hilo libaki la walowezi. Chifu Luka na waliomfuata walikubali kuhamia Lari wakapewa mashamba, huku waliokataa wakifukuzwa bila kitu. Ninaweza kuieleza hasira ya mtu aliyepokonywa shamba hata ukanitolea machozi. Ninachoshindwa kukieleza ni namna hasira hiyo inavyomfikia mtoto aliyelala, ambaye hakuhama wala hakukubali lolote.

Hapo ndipo hoja yako inapokwama, na kinachoikwamisha hakitoki kwa Mwingereza. Usiku uleule, kundi jingine la wapiganaji haohao lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua bunduki na risasi na kuwafungulia mahabusu zaidi ya 150. Hawa nao walikuwa wanyonge, wengi wakiwa na silaha duni kuliko za polisi waliokuwa wakilinda kituo, lakini walimwendea mwenye bunduki. Kwa hiyo usiniambie kwamba mnyonge hana njia nyingine, kwa maana usiku ule njia zilikuwa mbili na zote zilikanyagwa.

Kisha yakaja yale ambayo hayakupigwa picha. Kabla hata moto wa Lari haujazimika, ngati, polisi na askari walianza kuwasaka waliodhaniwa kuhusika, na mwanahistoria David Anderson ameonyesha kwamba waliouawa katika kisasi hicho huenda walizidi wale wa kwanza. Kwa mauaji ya kwanza makumi ya watu walinyongwa. Kwa mauaji ya pili hakuna aliyefikishwa mahakamani. Serikali iliwapeleka waandishi wa habari wakaone maiti za mauaji ya kwanza, ikachapisha picha zake ili dunia ijue ushenzi wa Mau Mau ni upi, na maiti za kisasi zikazikwa kimya.

Kwa hiyo katika jambo moja nakubaliana nawe kabisa: lawama hizi hazina uzito sawa. Walowezi waliouawa katika miaka yote ya hali ya hatari, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza mwaka 1952, walikuwa 32. Upande wa pili serikali iliwanyonga watu 1,090, ikaangusha mabomu katika msitu wa Nyandarua, ikawakusanya zaidi ya watu milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa kwamba walikufa kwa kunywa maji. Mwenye mahakama, magazeti na jela ana nafasi kubwa zaidi ya kujizuia, basi akikosa kujizuia kosa lake ni kubwa zaidi. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 2013 kukubali kuwalipa manusura 5,228, na hata hapo ilisema inasikitika, ikakataa kubeba dhima ya kisheria.

Lakini ukubwa wa kosa la mmoja haulifuti la mwingine. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita na ambayo bila shaka mtaisoma, inasema katika kifungu cha 51 kwamba upande mmoja ukivunja sheria, upande wa pili bado unawajibika kuwalinda raia. Nyanya yako hakusoma itifaki yoyote. Kaka yake mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa ngati, na nilipomuuliza siku moja yupi kati yao alikuwa na haki, alinitazama muda mrefu kisha akaniuliza kama nimekwisha kuchota maji.

Ukija likizo ya Desemba tutapanda gari Limuru, tufuate barabara ya juu kupitia Kimende hadi Naivasha. Lari iko njiani. Tukifika katikati ya Lari na Naivasha, nitakuomba uyarudie yale uliyoyasema darasani.

Akupendaye,
Mama yako