Sumukuvu haiui kwa wiki moja tu

Mhariri,

Yakitokea maafa ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka kama mahindi, kama ya Kenya mwaka 2004 yaliyoua watu 125, au ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, magazeti huhesabu maiti wa wiki zile na habari ikaisha. Tunaomba isiishie hapo. Anayekula sumu hii kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, haoni dalili yoyote. Kinachoharibika ni protini iitwayo p53.

DNA ya seli, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza, ikipata hitilafu, p53 huamsha protini nyingine, p21, inayosimamisha mgawanyiko ili matengenezo yafanyike kwanza. Yakishindikana, seli huuawa. Sasa, sumukuvu aina ya B1 ikifika kwenye ini hugeuzwa na vimeng'enya vya ini lenyewe kuwa kitu kinachonata kwenye herufi G ya DNA. Kwa jeni ya p53, pigo huangukia mara nyingi kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249: AGG inakuwa AGT, na kiungo kimoja cha protini, arginini, kinakuwa kingine, serini. Herufi moja hiyo tu, na p53 haifanyi kazi tena. Seli mbovu inazaana bila wa kuizuia, na hiyo ndiyo saratani ya ini. Mwenye homa ya ini B hatari yake huzidi maradufu na zaidi, kwani ini lake huzalisha seli mfululizo kufidia zinazokufa, na kosa hurithiwa kabla halijarekebishwa.

Moto wa jikoni hauivunji sumu hii. Dawa ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu ufike asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi hadi theluthi ya chupa kavu ya kioo, aongeze vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, atikise dakika tatu na kuiacha robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, hayajakauka, yarudi juani. Punje zilizopasuka au kuota ukungu zitupwe. Kukoboa hupunguza sumu, ila pumba hizo asipewe ng'ombe wa maziwa: itarudi mezani ndani ya kikombe cha mtoto.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na B1 zisizidi 5. Lakini mnunuzi anayepima uzito bila kupima unyevu humlipa zaidi aliyeleta mahindi mabichi. Kipimo cha unyevu kiwekwe kando ya kila mzani, na bei ifuate kipimo hicho.

Wasomaji wenu,
Morogoro