"Mwenye nyumba ni nani kwako?": swali linalowaponza wazee wetu Uingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowasumbua Waswahili wengi tunaoishi Uingereza, hasa wazee, ambalo najua litasomwa pia na jamaa zao walioko Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Bukavu, kwa kuwa wao ndio hupigiwa simu mambo yanapoharibika. Nazungumzia kuomba ruzuku ya pango, ile ambayo huku tumezoea kuiita hausingi benefiti, pale ambapo mwenye nyumba ni jamaa wa mpangaji.

Mimi ni mkazi wa mji wa Leicester, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza wazee wetu kwenye ofisi mbalimbali kama mkalimani wa kujitolea. Nimeona maombi mengi yakikataliwa. Machache yalistahili kukataliwa, kwa sababu sheria haikuyaruhusu tangu mwanzo. Mengine yalikataliwa kwa sababu tu ya neno moja la udugu lililotafsiriwa vibaya, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, mwenye umri wa miaka 68, ambaye amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kumtaja jina, alifiwa na mkewe akashindwa kumudu pango la nyumba waliyokuwa wakiishi. Alihamia chumba cha juu katika nyumba ya mtoto wa baba yake mkubwa, wakakubaliana alipe pauni 75 kwa wiki. Kwa umri wake na kwa hadhi yake ya ukaazi wa kudumu alikuwa na haki ya kuomba ruzuku, na akaomba. Kijana aliyemsaidia kujaza fomu alipofika kwenye swali la uhusiano wake na mwenye nyumba, mzee alijibu bila kusita, "Huyu ni kaka yangu." Kijana akaandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya ndugu wa kuzaliwa. Baada ya wiki chache ilikuja barua ya kukataa, ikieleza kwamba mwombaji anaishi nyumba moja na ndugu yake wa karibu na hivyo sheria haimtambui kuwa ni mtu mwenye wajibu wa kulipa pango.

Mzee hakusema uongo, wala kijana hakukusudia ubaya. Mtoto wa baba mkubwa kwetu ni kaka, na kumwita vinginevyo mbele za watu kungekuwa ni kumvunjia heshima. Lakini sheria ya Uingereza haiulizi tunaitana vipi. Inauliza nani amemzaa nani. Kanuni za Ruzuku ya Pango za mwaka 2006, kifungu cha 9, zinasema kwamba mtu hawezi kulipwa ruzuku ikiwa anampa pango jamaa wa karibu ambaye anaishi naye katika makazi hayohayo, na kanuni hizo zimeeleza jamaa wa karibu ni nani. Ni mzazi, mtoto, kaka au dada, mkwe kwa maana ya baba au mama wa mwenzi wako, mkwe kwa maana ya mume wa binti yako au mkaza mwana wako, mzazi wa kambo na mtoto wa kambo, pamoja na mwenzi wa yeyote kati ya hao. Jamaa wa karibu wa mume au mke unayeishi naye nao wanahesabiwa kuwa ni wako. Orodha inaishia hapo. Haina shangazi wala mjomba, haina mama mdogo wala baba mkubwa, haina mpwa, binamu, babu, bibi wala mjukuu.

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili aisome orodha hiyo tena taratibu, kisha aipime na maneno tunayotumia kila siku. Mama mdogo si mama kwa sheria hii, lakini mkalimani asiye makini atamfasiri kuwa mama. Baba mkubwa atageuzwa baba. Neno shemeji, ambalo kwetu linabeba watu wengi, linaweza kumwangukia mke wa kaka yako, ambaye yumo katika orodha, au binamu wa mkeo, ambaye hayumo. Na neno "ndugu" lenyewe, tunalomwitia hata mtu wa kijiji kimoja tuliyekutana naye stesheni ya treni, sijui mkalimani analifasirije kabla hajauliza maswali mawili matatu.

Majina yetu yanaongeza utata. Huku jina la mwisho huchukuliwa kuwa ni jina la ukoo, na watu wawili wenye jina hilo moja hudhaniwa kuwa wametoka nyumba moja. Kwetu wengi tunabeba jina la babu mahali pa tatu, kwa hiyo watoto wa baba mkubwa na wa baba mdogo hulingana jina la mwisho ingawa hawakuzaliwa na mzazi mmoja. Mzee wangu wa Tanga na mwenye nyumba wake walikuwa hivyo hasa: afisa aliona jina moja, akaona na neno lile kwenye fomu, na sidhani kama alikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Kinyume chake pia hutokea. Ndugu waliochangia mama, kila mmoja na baba yake, wana majina tofauti kabisa, na wengine hudhani kwamba kwa hiyo hawahusiki, ilhali ndugu wa kuchangia mzazi mmoja huhesabiwa kuwa ni ndugu sawa na wa baba na mama mmoja.

Katika shauri la mzee yule tuliandika barua ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi, kwa kuwa huo ndio muda unaoruhusiwa wa kuomba uamuzi uangaliwe upya au kukata rufaa, tukachora nasaba kwenye karatasi: babu juu, wanawe wawili chini yake, na chini ya kila mmoja mtoto wake. Nilimwomba mzee alete ushahidi wa malipo. Akafungua begi lake akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, ambamo kila Ijumaa alikuwa ameandika tarehe na kiasi, na mwenye nyumba ametia sahihi pembeni. Wiki moja haikuwa na sahihi, na mzee alikuwa ameandika mbele yake, "yuko safarini, nimempa mkewe." Nilifurahi sana kuliona daftari lile, Ndugu Mhariri, kwa sababu wazee tisa kati ya kumi ninaowasindikiza hawana hata kipande cha karatasi. Uamuzi ulibadilishwa, na ruzuku ikalipwa kuanzia tarehe ambayo ingepaswa kuanza.

Naeleza habari za daftari kwa makusudi, maana kuthibitisha kwamba mwenye nyumba si jamaa wa karibu ni nusu ya safari. Nusu ya pili inawahusu wote, awe mwenye nyumba ni binamu anayeishi chini ya dari moja nawe, au ni mwanao wa kumzaa anayekupangisha nyumba yake ya mtaa wa pili huku yeye akiishi kwingine. Hili la mwanao wengi hawalijui: kuwa mzazi au ndugu wa mwenye nyumba hakukuzuii ikiwa hamuishi pamoja. Lakini katika hali zote hizo halmashauri ya mji, ambayo ndiyo inayoamua maombi ya ruzuku hii, itataka kuridhika kwamba upangaji ni wa kweli na wa kibiashara, yaani una masharti ambayo kila upande ungeweza kuyadai kisheria, na kwamba haukubuniwa kwa ajili ya kuchota ruzuku.

Hapa ndipo adabu yetu inapotugharimu. Afisa huuliza, "Usipolipa kodi miezi miwili, mwenye nyumba atafanya nini?" Mzee wa Kiswahili akisikia swali hilo huona kama anaombwa amseme vibaya mtu aliyemhifadhi, naye hujibu kwa nia ya kumsifu: "Huyu ni damu yangu, hawezi kunitoa nje." Nimeketi pembeni ya wazee nikisikia jibu hilo zaidi ya mara moja, na kila mara najua maana yake katika faili. Linasomeka kuwa hakuna deni, hakuna mkataba, na wala hakuna upangaji, bali mgeni anayekaa kwa jamaa zake na kuchangia chakula akijaaliwa. Ukweli wa mambo mara nyingi si huo. Mwenye nyumba anadaiwa na benki mkopo wa nyumba kila mwezi, na asipolipwa pango atalazimika kumpangisha mtu mwingine. Wote wawili wanalijua hilo, ila hawajawahi kulitamka kwa sababu wanaoneana haya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tunaendelea kupangishana vyumba kwa neno la mdomo, sebuleni, kati ya kikombe kimoja cha chai na kingine.

Nawasihi basi jamaa wenye nyumba wasione mkataba kuwa ni dharau. Andikeni kiasi cha pango, siku ya kulipa, kilichomo ndani ya pango kama vile umeme na maji, na muda wa kupeana notisi. Pango lipitie benki ikiwezekana, na kama ni fedha taslimu basi kila malipo yapate risiti. Si lazima pango lilingane na la mtaani, kwani kumpunguzia jamaa kidogo peke yake hakuuvunji upangaji. Ila pauni kumi za leo, sifuri ya wiki ijayo na kilo mbili za mchele mwisho wa mwezi si pango. Wala hakuna faida ya kulipandisha ili ruzuku iwe kubwa, kwa sababu kwa nyumba za watu binafsi ruzuku ina kikomo kinachowekwa kwa kila eneo.

Nimegundua pia kwamba wenye nyumba wengi hukataa kuandikiana kwa kuogopa kodi ya mapato. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Tangu Aprili 2016, mtu anayepangisha chumba chenye samani ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato, na pauni 75 za mzee wetu kila wiki ni pauni 3,900 tu kwa mwaka mzima. Kama nyumba ina mkopo, aulizwe kwanza aliyetoa mkopo. Na kama mwenye nyumba naye anapokea msaada wa serikali, autaje upangaji huo kwa wanaomlipa.

Kwa walio chini ya umri wa pensheni ya serikali, ambao ni miaka 66 na kuanzia 2026 unapandishwa kidogo kidogo kuelekea 67, kwa kawaida maombi mapya hayaendi tena halmashauri bali yamo ndani ya Universal Credit, yaani msaada wa serikali kuu kwa watu wenye kipato kidogo. Kanuni zake za mwaka 2013 zinafuata mkondo uleule: jamaa wa karibu mnayeishi pamoja hakubaliki, na upangaji lazima uwe wa kibiashara. Na mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma asiombe ruzuku hii kabisa kabla ya kumwona mshauri wa mambo ya uhamiaji, kwa maana anaweza kuuponza ukaazi wake wote.

Wapo miongoni mwetu wanaowashauri wazee wafiche undugu. "Sema humjui, mmekutana tu." Nimewasikia, na nasema waziwazi kwamba wanawatosa wazee hao shimoni. Kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu ni kosa la jinai, na fedha zilizolipwa kimakosa hudaiwa zote, wakati mwingine kwa kukatwa kwenye malipo mengine anayoyategemea mzee. La uchungu zaidi ni kwamba katika mashauri mengi niliyoyaona ukweli wenyewe ungemsaidia: mpwa ni mpwa, binamu ni binamu, na sheria haiwazuii.

Sitaki kudai kwamba sheria hii inatutendea haki kila mahali. Naielewa inapokataa kumlipa mama pango la chumba ndani ya nyumba ya mwanawe. Ninachoshindwa kukielewa ni kwa nini dada wawili wenye miaka sabini, waliokwisha kuolewa, kuzaa na kuzika, kila mmoja akiwa na pochi yake na sufuria yake, wahesabiwe kuwa hawawezi kudaiana kodi, eti kwa sababu walinyonya ziwa moja miaka sabini iliyopita. Nimemsindikiza bibi mmoja wa aina hiyo kurudi nyumbani baada ya kukataliwa, na njia nzima ndani ya basi alikuwa akiniuliza kama angehamia kwa mtu asiyemjua angelipwa. Nilimjibu kwamba ndiyo, kama masharti mengine yangetimia. Hakusema neno tena mpaka tuliposhuka.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linasomwa kwa simu na watu wengi wa huku. Naomba uchapishe, hata katika kona ya ukurasa, ile orodha ya jamaa wa karibu kwa maneno yetu wenyewe, ikionyesha kwamba mama mdogo hayumo na mama wa kambo yumo, kwamba mtoto wa baba mkubwa hayumo na ndugu wa kuchangia mama yumo, na kwamba mke wa kaka yumo. Nitaichapa kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo msikitini kwetu, na mwenzangu ameahidi kuibandika kanisani kwao.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa kujitolea,
Leicester, Uingereza