Barafu haina kosa

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu alilalamika katika ukurasa huu kwamba alinunua vibua waliofunikwa barafu, akafika nyumbani akakuta wamelegea na wananuka. Akasema barafu ya siku hizi haina nguvu. Nampa pole. Ila mimi ni mchuuzi, nanunua samaki Feri alfajiri na kuuza Mbagala, huu mwaka wa 19, na barafu naitetea.

Tumezoea kusema barafu inatoa baridi ikamwingia samaki. Sivyo. Kinachosafiri ni joto, nalo hutoka kwenye kilicho moto kwenda kwenye kilicho baridi mpaka vilingane. Samaki wetu anavuliwa akiwa na joto la bahari, nyuzi kama 28. Joto hilo lazima limtoke, na njia yake ya haraka ni pale ngozi inapogusana na barafu.

Sasa tazama tunavyofanya. Kijana anachukua pande zima la barafu, analitua juu ya deli lenye kilo 20 za samaki, anafunika. Pande linagusa samaki watatu. Wa chini wamelaliana na joto lao wenyewe. Mwezi uliopita nilitia kidole tumboni mwa kibua wa chini kabisa katika deli la namna hiyo: vuguvugu, saa tatu asubuhi, na pande la juu halijafika hata nusu kuyeyuka. Mwenye deli alifurahi kwamba barafu yake inadumu. Mimi iliniuma, kwa sababu kuyeyuka ndiyo kazi ya barafu. Kilo moja ikiyeyuka inameza joto la kupoza lita 80 za maji kwa nyuzi moja. Isiyoyeyuka haijampokea samaki joto lake.

Jamani, tuiponde. Tandaza barafu chini, panga safu ya samaki, mwagia nyingine, hivyo hivyo mpaka juu, na deli liwe na tundu la kutolea maji ya damu. Kupoza kilo 10 za samaki kunataka barafu kama kilo 3 tu, lakini jua la njiani nalo linapenyeza joto kwenye kuta za deli, ndiyo maana mimi naweka kilo kwa kilo na kulizungushia magunia makavu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu kibua au jodari aliyekaa kwenye joto anajenga sumu. Anayemla anawashwa mwili, anavimba uso, kichwa kinamgonga, na sumu hiyo haitoki hata umkaange akauke.

Kwa hiyo ndugu yangu msomaji, ukirudi sokoni usitazame barafu ya juu. Mwambie muuzaji akutolee samaki wa chini, umguse tumboni kabla hujatoa hela.

Mchuuzi wa samaki,
Mbagala, Dar es Salaam