Kupunguza skripti ya Julius Caesar: someni kabla ya Jumamosi

Ndugu zangu, hamjambo.

Mchezo mzima wa Shakespeare una mistari ipatayo 2,500. Jukwaani, mistari 1,000 hula takribani saa moja, kwa hiyo tukitaka dakika 90 tubaki na 1,500. Msikate mstari mmoja hapa, nusu pale: ushairi hupoteza mapigo na mwigizaji hujikwaa. Ondoeni vipande vizima.

Vya kwanza kuondoka ni mizaha ya fundi viatu pale mwanzoni, maana watazamaji wa leo hawaidaki, na tangazo la pili la kifo cha Portia, mke wa Brutus, katika tendo la 4. Brutus ameshalieleza mwenyewe. Vita vya tendo la 5 vibaki nusu.

Hotuba za mazishi ya Caesar, tendo la 3 onyesho la 2, tafadhali msiziguse. Huo ndio moyo wa mchezo. Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anasema kwa nathari (maneno ya kawaida yasiyo ya kishairi), Antony, rafiki wa Caesar, kwa ushairi, na tofauti hiyo isikike. Watu watano au sita wa umati wakae katikati ya watazamaji, wajibu wakiwa vitini. La sivyo Antony atahutubia hewa. Kosa linalojirudia ni kupaza sauti tangu neno la kwanza. Antony aanze chini, apande wosia wa Caesar unapotajwa.

Anayekwama kwenye maana asome Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, auseme mstari kwa maneno yake, ndipo aurudie kwa Kiingereza.

Leteni penseli, si kalamu ya wino. Vipande vingine vitarudi.