Wakuu wa pensheni wasamehewe ngazi za mishahara, si usaili

Mhariri,

Hoja hii haichoki kurudi: kwamba wakuu wa mifuko ya pensheni za umma waondolewe katika kanuni za utumishi wa umma, maana bingwa wa hisa na bondi hawezi kuacha benki aje kulipwa mshahara wa serikali. Nusu yake naikubali.

Huko California, malipo ya wakuu wa CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo hilo wenye wanachama zaidi ya milioni 2, hupangwa na bodi yenyewe. Sawa. Lakini mfuko huohuo ndio uliowahi kuongozwa na Fred Buenrostro, aliyekiri mwaka 2014 kula njama ya hongo. Pesa nyingine aliletewa ndani ya mfuko wa karatasi, nyingine kwenye boksi la viatu (mabilioni ya wastaafu, na boksi la viatu!). Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na nusu.

Huku kwetu Kenya shida kubwa hata si uwekezaji. Kaunti zinadaiwa na mifuko mabilioni ya shilingi, na sehemu ya deni hilo ilirithiwa kutoka kwa mabaraza ya serikali za mitaa yaliyovunjwa 2013. Muulize mstaafu yeyote wa baraza hapa Malindi: alikatwa kila mwezi, payslip anayo, ila mchango wenyewe haukufika. Bingwa wa bondi atawekeza nini?

Pesa hizo zinataka mtu wa kumbana gavana, hata kumfikisha mahakamani. Sasa mkurugenzi aliyeingia kwa simu ya mkubwa, na anayeweza kutolewa kwa simu nyingine, atamshtaki nani? Kanuni za utumishi tunazoziona mzigo ndizo zinazompa mtu mgongo wa kusema hapana. Ibara ya 232 ya Katiba inataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na sifa, na sioni kwa nini anayeshika akiba ya uzeeni ya watu asamehewe hilo.

Mshahara basi na upande, SRC, tume ya mishahara ya umma, ikubali na kiwango kitangazwe gazetini. Usaili ubaki wa wazi, matokeo yatolewe. Asifutwe bila sababu iliyoandikwa na kusikilizwa. Bunge likikaa kuandika kifungu cha msamaha, lianze na hilo la kufutwa, ndipo lije kwenye marupurupu.

Mstaafu,
Malindi