Kompyuta ya nyumbani na baridi ya Marangu

Edmonton, Kanada

Mdogo wangu Neema,

Habari za nyumbani? Mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Uliniambia tangu Juni iingie kompyuta inagoma kuwaka asubuhi, na ulipopitisha kidole nyuma ya monita ukakuta majimaji. Jambo hilo limeniumiza kichwa, maana humo ndimo zilimo hesabu zote za VICOBA ya mama, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na kazi zako za chuo.

Baridi yenyewe haina neno sana. Kinachoiua ni maji yanayotoka hewani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu cha baridi, mvuke unageuka maji, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Huku majira ya baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikirudi na laptopu naiacha ndani ya begi, zipu imefungwa, saa kadhaa, mpaka ipate joto la chumba. Ukiitoa haraka mfuniko wake unashika ukungu papo hapo, na kwenye saketi ni hivyo hivyo. Ukiiwasha katika hali hiyo inaweza kupiga shoti. Isipopiga, kutu inaanza kula polepole.

Kwetu Marangu baridi haifiki huko, ila chumba kile hakina dari. Usiku bati linapoa kuliko hewa ya ndani. Pumzi zenu na mvuke wa jikoni vinapanda, vinakuwa matone chini ya bati, alfajiri yanadondoka. Tazama misumari ya kwenye kenchi ilivyo na kutu.

Kwa hiyo kompyuta itoe kwenye ukuta unaopakana na jiko. Ikae juu ya meza, si kwenye sakafu ya saruji, na iachane na ukuta kidogo hewa ipite. Mama akichemsha chai, funga mlango wa chumba. Jua likishatoka na ukungu ukaisha, fungua dirisha, ndipo uiwashe. Iache iwake saa moja au mbili kila siku hata kama huna kazi, joto lake lenyewe linaikausha. Ukiizima usiifunike nailoni, inafungia unyevu ndani. Kanga kuukuu inatosha, ikishapoa.

Ukikuta imelowa, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa CPU, lile kasha la kompyuta, ikae hivyo kutwa nzima au zaidi. Habari za kukausha kwa mchele achana nazo, unaacha vumbi tu.

Na hili nakusihi sana: msiingize jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto. Kaboni monoksaidi haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la mafuta ya taa nalo linatoa mvuke likiwaka, litazidisha maji yale yale.

Leo hii nakili hesabu za mama kwenye flashi. Halafu mwombe baba mdogo apime chumba, aniambie silingibodi ngapi zitatosha. Hela nitatuma mwisho wa mwezi.

Kaka yako