Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: modeli za mvua zipimwe kwanza kwa masika na vuli yetu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Same, upande wa tambarare, kwetu mahindi yanategemea mvua na maji ya ndiva, mabwawa yetu ya asili, yanayoshuka toka milima ya Upare. Mimi ni mwalimu ila chuoni nilisoma mambo ya hali ya hewa kidogo, ndo maana nimeshindwa kunyamaza baada ya kusoma ripoti ya skimu moja ya umwagiliaji, walioiandika siwataji hapa, ila kwenye sehemu ya tabianchi wameandika tu kwamba modeli, yaani programu ya kompyuta inayokadiria hali ya hewa, inaonyesha mvua itaongezeka. Modeli gani? Imelinganishwa na mvua ya wapi? Hakuna.

Shuleni kwetu kuna kipima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi mwalimu wa zamu anamimina maji kwenye gilasi, anasoma milimita, anaandika daftarini, na siku kavu anaandika sifuri. Hakuna mtu wa ripoti aliyekuja kuliomba lile daftari.

Naomba unielewe Mheshimiwa, sisemi modeli hazifai. Nasema zina ugonjwa unaojulikana, ukizirudisha nyuma zitengeneze mvua ya Afrika Mashariki ya miaka iliyopita, nyingi zinaipunguza masika na kuizidisha vuli, na sababu mojawapo ni kwamba ndani ya modeli Bahari ya Hindi upande wetu inakuwa ya moto kuliko ilivyo kweli. Sasa ukijumlisha mwaka mzima pengo la masika linafukiwa na ziada ya vuli, jumla inatoka nzuri kabisa, mtu anagonga muhuri kwamba modeli iko sawa. Lakini mahindi ya Machi hayanywi mvua ya Novemba! Tena nyingine zinanyesha manyunyu karibu kila siku, milimita za mwezi zinatimia, wakati huku mvua inapiga siku mbili halafu jua wiki mbili na mahindi yanakauka yakiwa yanatoa mbelewele.

Kuna hili pia linaniumiza zaidi. Modeli nyingi zinasema masika itaongezeka, na vipimo kuanzia miaka ya 1980 vilikuwa vinaonyesha masika inapungua kwa miongo kadhaa, watafiti wenyewe wanakiita kitendawili. Wenzetu wa Kenya, Ethiopia na Somalia walikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Unajengaje mfereji kwa kutegemea ongezeko ambalo bado linabishaniwa hivyo?

Halafu ukubwa. Modeli ya dunia mara nyingi inaikata nchi vipande vya kilomita 100 hivi kila upande, kwa hiyo mtu wa tangawizi kule Mamba mlimani na sisi wa huku chini kwenye mkonge tunaweza kupewa mvua moja. Zipo modeli za kanda, za mradi wa kimataifa uitwao CORDEX, zenye vipande vya kilomita 50 na nyingine 25, na Waingereza walishatengeneza moja ya Afrika nzima ya kilomita 4.5, nayo inaotesha mawingu ya radi yenyewe bila kukisiwa, basi tuzitumie hizo pia, ila nazo zipimwe.

Ninachoomba ni agizo lako moja, ripoti yoyote ya skimu isipokelewe mpaka ionyeshe modeli kadhaa zimelinganishwa na vituo vya karibu, masika peke yake na vuli peke yake, mvua inaanza lini, inakatika siku ngapi katikati, na kama modeli inajua vuli yetu inavyofuata El Niño na joto la Bahari ya Hindi, maana mwaka 2019 na 2023 tuliona wote mvua ilivyozidi. Data ya mvua iitwayo CHIRPS, inayochanganya satelaiti na vituo, ipo tangu 1981 na ni bure, ila milimani isiachwe peke yake bila kipima mvua cha ardhini.

Madaftari yetu yako kabatini ofisi ya mwalimu mkuu, mengine kurasa zimeanza kuliwa na mchwa. Mtume mtu na simu ya kupigia picha tu Mheshimiwa, nitakaa naye mpaka ukurasa wa mwisho.